Gunia Lisilochomwa Bambo: Mafunzo Niliyopata Kati ya Mangina na Butembo

Baba yangu alikuwa mnunuzi wa kahawa Mangina. Gunia lilipofikishwa mlangoni pa ghala lake, hakuanza na bei. Alitwaa kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, ambacho watu wa pwani hukiita bambo, akalichoma gunia juu, kati na chini, akamimina punje kiganjani na kuzinusa. Siku moja aliyeleta mzigo alikuwa shemeji yake mwenyewe, akanuna kuona gunia lake linachomwa kama la mgeni. Baba akamwambia, "Shemeji, wewe nakujua. Gunia silijui."

Nilikua nikidhani hayo ni mambo ya magunia tu.

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Ilikuwa wiki moja tu tangu nchi itangaze mwisho wa mlipuko mwingine, ule wa mkoa wa Ikweta. Safari hii kitovu cha kwanza kilikuwa kwetu, Mangina, katika ukanda wa afya wa Mabalako, kilomita 30 hivi kutoka mji wa Beni. Nilikuwa nimerudi nyumbani na diploma ya kompyuta, kazi sina. Nikaajiriwa kuingiza data. Jioni wenzetu waliotoka mitaani walituletea fishi za karatasi, nyingine zimelowa mvua, nasi tukaketi kuziandika moja moja kwenye kompyuta mpaka jenereta izimwe.

Leo nina chumba cha kutengeneza simu na kompyuta Butembo. Kati ya kazi ile na hii nimekutana na kasoro moja mara nyingi kuliko nyingine yoyote: programu inayopokea chochote inacholetewa na kukiamini. Niliiona kwenye orodha za watu waliomgusa mgonjwa. Nikaiona kwenye ukurasa nilioutengeneza kwa mikono yangu. Kisha nikaisoma katika taarifa za kivinjari ambacho karibu kila mteja wangu anacho simuni. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tarehe moja inaweza kumficha mtu mzima

Kila aliyejulikana kumgusa mgonjwa wa Ebola aliandikwa jina, kisha akatembelewa kila siku kwa siku 21, kwa kuwa huo ndio muda mrefu ambao ugonjwa huweza kujificha mwilini kabla ya kuonyesha dalili. Chanjo nayo ilifuata orodha hiyohiyo. Kuanzia tarehe 8 Agosti 2018 walichanjwa wahudumu wa afya pamoja na watu waliomkaribia mgonjwa, kisha waliowakaribia hao, duara ndani ya duara. Jina likikosekana kwenye orodha, mtu alikosa kutembelewa, na watu wa nyumbani kwake walikosa chanjo.

Jioni moja ya Novemba niliandika tarehe ambayo mama mmoja alimwona mgonjwa kwa mara ya mwisho: 08/11/2018. Sisi Wakongo tunatanguliza siku. Kompyuta niliyopewa ilipangwa kutanguliza mwezi, kama wafanyavyo Wamarekani. Ikasoma tarehe 11 Agosti. Ikahesabu siku 21, ikafika tarehe 1 Septemba, ikaona muda wa mama yule umekwisha zamani, ikamwondoa kwenye karatasi ya kesho. Haikulia wala kuonyesha rangi nyekundu.

Kilichonitisha nilipokuja kuelewa ni hiki. Ningeandika tarehe 13 au zaidi, kompyuta ingekataa, maana hakuna mwezi wa 13. Siku 12 za mwanzo za kila mwezi ndizo zilizopita kimya, kila mwezi, tangu tuanze. Kosa lililofanana na kweli ndilo lililopata njia.

Aliyetuokoa ni mhamasishaji wa afya wa mtaa, ambaye kwetu huitwa reko. Alikuwa mama wa makamo aliyeijua mitaa yake nyumba kwa nyumba. Asubuhi alikuja na karatasi mkononi, akasimama mbele ya meza yangu. "Mwanangu, yule mama wa kando ya mti wa avokado hayumo humu. Amehama au amekufa?" Alikuwa hajahama wala hajafa. Reko alikwenda kwake siku ileile bila karatasi, akaendelea kwenda mpaka siku 21 zikatimia, na mama akazimaliza mzima. Mimi nilikesha usiku mbili nikipitia tarehe zote za siku 12 za mwanzo za kila mwezi, nikizilinganisha na fishi. Waliofichwa hivyo walikuwa zaidi ya mmoja.

Baadaye niliweka masharti mawili: tarehe ya kumwona mgonjwa isitangulie kipindi cha ugonjwa wake, na isipite siku ya leo. Mistari miwili tu ya msimbo, na ilipaswa kuwepo kabla ya fishi ya kwanza.

2. Ng'ombe aliuangusha ukurasa wangu

Watu wa timu walikuwa wakiniuliza majina mchana kutwa, kwa hiyo niliwatengenezea ukurasa mdogo wa kutafutia. Kompyuta moja ikawa seva, na wengine wakaufungua ukurasa kwa kivinjari ndani ya mtandao wa ofisi. Nilijivunia sana. Ulidumu siku nne.

Siku ya tano mwenzangu, ambaye Kiswahili alikisoma vizuri na kukiandika kama kinavyotakiwa, alijaza sehemu ya kazi ya mtu: "muuza nyama ya ng'ombe". Ukurasa ukaanguka. Akajaribu tena, ukaanguka tena. Waliokuwa wakiandika "ngombe" bila ile alama hawakupata shida yoyote.

Maelezo yake ni mepesi, na kila anayejifunza kutengeneza programu anapaswa kuyajua mapema. Kwenye lugha ya hifadhidata, alama ile ya ng' ni ukingo: inafungua neno na kulifunga. Mimi nilikuwa nimeyashona maneno ya mtumiaji na amri yangu kuwa sentensi moja. Hifadhidata ilipofika kwenye ng' ikadhani neno limekwisha, na "ombe" iliyobaki ikaichukua kuwa sehemu ya amri. Haikuijua amri ya namna hiyo, ikagoma.

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Ikiwa "ombe" inasomwa kama amri, basi mtu angeandika baada ya ile alama amri inayoeleweka, mathalani ya kufuta jedwali lote, nayo ingeweza kutekelezwa. Majina yote ya Mabalako yangekwenda kwa sababu ya kisanduku cha "kazi yako".

Wiki hiyohiyo nikaona la pili. Muuguzi mmoja alizoea kutumia alama ya "<" kumaanisha "chini ya". Kwenye maelezo aliandika: "mtoto <miezi 6, yuko kwa bibi yake". Kwenye skrini yangu likatokea neno moja tu: "mtoto". Mengine yote yalipotea. Hayakufutwa, yalikuwa salama ndani ya hifadhidata. Ila kivinjari, kikiona alama hiyo imefuatwa na herufi, hudhani unaanza kukipa maagizo ya kupanga ukurasa, na maagizo hayaonyeshwi kwa msomaji. Kikayameza maneno ya muuguzi kama maagizo ya lugha kisiyoifahamu. Na kama badala ya "miezi" mtu angeweka maagizo ambayo kivinjari kinayafahamu, kingeyatekeleza kwenye kompyuta ya kila aliyefungua ukurasa ule, kikiamini ni mimi niliyeyaandika.

Hapo ndipo nilipolikumbuka bambo la baba. Sikuwa nimechoma gunia hata moja. Nilidhani hatari ni mtu mbaya wa mbali, kumbe aliyeniangushia ukurasa alikuwa mtu mwema anayeandika Kiswahili sanifu, na wa pili alikuwa muuguzi mwenye haraka.

Nilirekebisha kwa njia mbili ambazo natumia hadi leo. Amri naiandika peke yake ikiwa na nafasi tupu, na maneno ya mtumiaji nayatuma kando yajaze nafasi hizo, ili hifadhidata isiyachanganye hata siku moja. Na kabla ya neno la mtu kuonyeshwa ukurasani, alama kama "<" nazigeuza kwanza ziwe za kusomwa tu. Ng'ombe wakaingia wote bila shida.

3. Kizuizi kilichopita hakikupimii

Baada ya hapo nikaweka ukaguzi kwenye ukurasa wenyewe. Ukiandika umri wa miaka 500, kivinjari kinaonyesha maneno mekundu na kukukatalia. Nikalala usingizi mzuri.

Mdogo wangu alikuwa bado anasoma sekondari. Alikuja kunitembelea, akaona ukurasa, hakugusa fomu. Aliiandika anwani juu ya kivinjari, mwishoni akaongeza umri wa miaka 500 kwa mkono wake, akabonyeza. Seva ikapokea. "Yaya, mlinzi wako amesimama mlangoni," aliniambia, "lakini nyumba haina ukuta."

Nilielewa kabisa siku niliyopanda moto, kama tunavyoiita pikipiki ya abiria, kwenda Butembo. Tangu Mangina hadi Butembo tulisimamishwa kwenye vizuizi vya afya, tukateremka kila mahali, tukanawa mikono kwa maji ya klorini, tukaelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Dereva wangu alilalamika kwamba tumepimwa nyuma kidogo tu. Muuguzi akamjibu bila hasira: "Papa, homa inaweza kuanza kati ya kizuizi na kizuizi."

Ukaguzi ndani ya kivinjari ni msaada kwa mtu mwaminifu aliyekosea kidole. Seva haipaswi kuutegemea, kwa kuwa kivinjari kiko mikononi mwa yule anayeleta mzigo. Kila anayepokea apime mwenyewe.

4. Ukaguzi usiowajua watu huzaa uongo

Hofu ilinipeleka upande wa pili. Nikaweka masharti makali: jina liwe na maneno mawili au zaidi, liwe na herufi tupu, tarehe ya kuzaliwa iwe kamili, na majina mawili yanayofanana yasikubaliwe katika kijiji kimoja.

Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Ndiyo maana nyumba kwa nyumba utakuta akina Kambale, Kasereka, Kakule na Katembo, akina Masika, Kavira na Kahindo. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na watu watatu wenye majina yanayofanana herufi kwa herufi. Programu yangu ilimkubali wa kwanza na kuwafukuza wenzake.

Wenzangu hawakuwa na muda wa kubishana na skrini saa nne usiku. Wakaanza kubuni. Bibi asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa akapewa tarehe 1 Januari. Kahindo wa pili akaongezewa herufi isiyo yake. Kila kitu kilipita ukaguzi, tena kilionekana safi kuliko zamani, na hakikuwa kweli. Reko alipokwenda kumtafuta huyo mwenye herufi ya ziada, watu wakamwambia hawamjui.

Ninalijutia hili kuliko ng'ombe na tarehe. Yale yalikuwa makosa ya kutokagua. Hili nililifanya nikidhani ninalinda. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Kila mmoja wao alipita kwenye fomu ya mtu fulani kama mimi akiwa na jina alilopewa na wazazi wake, na haki yake ya kwanza mbele ya mashine ilikuwa kuandikwa kama alivyo.

Niliyapunguza masharti. Mwaka peke yake ukatosha, na "kama miaka 60" pia. Kila mtu akapewa namba yake. Majina yakifanana, programu haikufukuza tena, iliuliza: ni yuleyule? Kuuliza ni ukaguzi pia.

5. Kivinjari nacho ni ghala

Kwa muda mrefu niliona kivinjari kama dirisha tu: unatazama nje, basi. Agosti 2022 nilibadili mawazo.

Tarehe 16 mwezi huo Google ilitoa toleo la Chrome namba 104.0.5112.101. Miongoni mwa kasoro zilizozibwa ilikuwamo moja iliyoandikishwa kwa namba CVE-2022-2856, na maelezo yake yalinigonga kama ninasoma barua yangu mwenyewe: ukaguzi usiotosha wa kitu kilicholetwa na mtu asiyeaminika. Walioiripoti ni Ashley Shen na Christian Resell, wa kikundi cha Google kinachofuatilia mashambulizi ya mtandaoni, tarehe 19 Julai. Google ilisema wazi kwamba tayari kulikuwa na watu wanaoitumia kasoro hiyo kushambulia. Ilikuwa ya tano ya namna hiyo kwa Chrome mwaka ule.

Iliwahusu watumiaji wa Android, yaani sisi. Ukigusa kiungo cha mahali ndani ya ukurasa, ramani inafunguka. Ukigusa namba ya simu, sehemu ya kupigia inafunguka. Kinachofanyika nyuma yake ni kwamba kivinjari kinaiandikia programu nyingine kikaratasi cha agizo: fungua hiki, peleka kule. Mfumo huo kwenye Android huitwa Intents. Sasa yaliyomo kwenye kikaratasi hutoka kwenye ukurasa, na ukurasa unaweza kuwa umetengenezwa na yeyote. Chrome haikuyakagua vya kutosha. Mwenye nia mbaya aliweza kutengeneza ukurasa ambao ungekipeleka kivinjari kwenye tovuti yake ya hatari.

Ni ng'ombe wangu yuleyule. Neno la mgeni limepokewa na kugeuka agizo.

Siku 17 baadaye, tarehe 2 Septemba, likatoka toleo jingine la haraka, 105.0.5195.102, kuziba kasoro CVE-2022-3075. Hii ilikuwa ndani ya sehemu iitwayo Mojo, na hapo niruhusu nieleze kidogo, kwa sababu kuna jambo zuri la kujifunza. Kivinjari cha kisasa kimegawanywa vyumba. Chumba kinachofungua kurasa za wageni kimefungwa kwa kufuli: hakiwezi kugusa mafaili yako wala kamera. Kikihitaji kitu, hupitisha ujumbe kwenye kitundu kwenda chumba chenye funguo. Mojo ndicho kitundu hicho. Ni mpango wa busara sana, lakini una sharti moja: chumba chenye funguo kisome kila ujumbe kama umetoka kwa adui, hata kama umetoka ndani ya nyumba hiyohiyo. Mahali pamoja ukaguzi wa data haukutosha, na kasoro hii nayo ilikuwa imekwisha kuanza kutumiwa na washambulizi.

Na haikuishia hapo. Tarehe 15 Julai 2025 Chrome ilitoa toleo 138.0.7204.157 kuziba CVE-2025-6558, iliyoripotiwa na Clément Lecigne na Vlad Stolyarov wa kikundi kilekile. Safari hii ufa ulikuwa kwenye sehemu inayochora picha kwa kutumia kichakata michoro cha kifaa. Maelezo yalikuwa maneno yaleyale: ukaguzi usiotosha wa kitu kisichoaminika. Ukurasa uliotengenezwa kwa ustadi ungeweza kumtorosha mshambulizi kutoka kwenye kile chumba cha kufuli.

Watu niliowafundisha kazi huniuliza: ikiwa wahandisi wakubwa namna ile wanakosea, sisi tufanye nini? Mimi huwajibu kwamba hao hawakukosa elimu. Kivinjari kinapokea magunia kutoka dunia nzima, maandishi, picha, sauti, herufi za kila lugha, na kila aina ya gunia ina mlango wake na inahitaji bambo lake. Mlango mmoja ukisahauliwa kati ya maelfu, unatosha. Kwa hiyo kazi ya kukagua haina siku ya kwisha, na sisi tunaotumia tuna sehemu yetu ndani yake, ambayo nitaifikia.

6. Anayekuonyesha ufa si adui

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiangalia kumbukumbu za mtoto wa dada yangu kwenye ukurasa wa taasisi fulani. Niliona namba yake mwishoni mwa anwani. Nikakosea tarakimu moja kwa bahati mbaya, nikajikuta mbele ya habari za mtoto wa watu wengine. Niliandika barua ya heshima kueleza. Nikaitwa, nikaulizwa nimetumwa na nani, nikaambiwa polisi wapo. Nilirudi nyumbani nikitetemeka. Baada ya miezi miwili ukurasa uliondolewa kimya kimya.

Linganisha na hao wa Chrome. Aliyeripoti anatajwa jina pamoja na tarehe, kama mwenyewe ameridhia, na mara nyingi analipwa. Maelezo ya ndani ya kasoro yanafichwa mpaka watumiaji wengi wawe wamepata toleo jipya, ili wabaya wasipate ramani mapema. Ukiwa mkuu wa ofisi, hospitali au shule hapa kwetu, na kijana akaja kukuambia ukurasa wako una ufa, mpe kiti na maji ya kunywa. Amekuletea bure kitu ambacho wengine wangekiuza.

7. Toleo jipya lina bei, na bei yake ni mega

Wataalamu wa nje hupenda kusema: sasisha programu zako. Wanasema kweli. Lakini mteja wangu, mama anayeuza vitenge sokoni, ananunua mega za intaneti za siku moja, na mega hizo anazihitaji kutumiana picha za mzigo na mtu wake wa Dubai. Programu ikijisasisha yenyewe asubuhi, mega zimekwisha kabla hajafungua duka. Kwa hiyo amezima masasisho. Nilikuwa nikimlaumu, na nilikosea kumlaumu.

Mtandao wenyewe nao huweza kukatika. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, ambao sisi wa Beni na Butembo tuliambiwa tuusubiri hadi Machi, intaneti ilikatwa nchi nzima kuanzia tarehe 31 kwa siku karibu 20. Kasoro yoyote iliyogunduliwa siku hizo ilibaki wazi kwenye simu zetu.

Halafu kuna umri wa simu. Nyingi zinazofika Butembo zimetumika kwanza kwingine. Chrome 119 ilikuwa ya mwisho kwa Android 7. Chrome 138 ikawa ya mwisho kwa Android 8 na 9, na kuanzia Agosti 2025 matoleo mapya yanadai Android 10 au zaidi. Maana yake ni kwamba mwenye Android 9 aliweza kupata kinga ya Julai 2025, na baada yake karibu hakuna nyingine tena. Simu yake inapiga, inapiga picha, inatuma pesa, na haionyeshi dalili yoyote kwamba mlango wake hautatengenezwa tena. Inanikumbusha tarehe zile 12 zilizopita kimya.

Nilichofanya ni kidogo. Nimelipia laini moja ya intaneti kwa mwezi, na mteja anayeacha simu ichajiwe kwangu usiku namsasishia kivinjari na programu ya pesa bila kumtoza mega. Nyuma ya simu nabandika kipande cha karatasi chenye namba ya toleo na tarehe. Programu inayopitishwa kwa bluetooth kutoka simu hadi simu siipokei, hata ikiletwa na rafiki, kwa kuwa hapo tunarudi kwenye gunia la shemeji. Na mtu akija kununua simu, kabla ya kamera namwonyesha kwanza namba ya Android. Mama wa vitenge alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ndiyo sababu ulinikataza ile ya bei nafuu." Akaongeza pesa, akachukua yenye Android 12.

Nawe unayesoma haya simuni, ukimaliza fungua Chrome, gusa zile nukta tatu, ingia kwenye mipangilio, ushuke hadi mahali panapoeleza kuhusu Chrome. Utaona namba ndefu. Ikiwa iko chini ya 138.0.7204.157, usifungue kiungo kingine chochote leo kabla hujaisasisha. Kama mega zako hazitoshi, nenda kwa mwenye Wi-Fi unayemwamini, umwombe nusu saa. Simu ya mzazi wako nayo iangalie hivyohivyo, kwa sababu yeye hataangalia.